Gari linatetemeka asubuhi likiwashwa, likipata moto linatulia: uanzie wapi?

Swali: Gari langu ni la petroli, injini ya silinda nne, lita 1.5, inayotumia nozeli. Kila asubuhi nikiliwasha linatetemeka kwa kama dakika mbili, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unapanda na kushuka kati ya 500 na 900, na nyuma kunanuka petroli. Likishapata moto linatulia na siku nzima halinisumbui. Plagi nimeshabadilisha. Taa ya injini haiwaki. Fundi anasema ninunue pampu ya mafuta. Je, ni pampu kweli, na nianzie wapi?

Jibu: Pampu usiinunue kwanza. Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani ikizunguka bila kukanyagwa eksileta, hutumia mafuta kidogo kuliko wakati mwingine wowote, kwa hiyo pampu iliyochoka huanza kujionyesha unapokanyaga eksileta, unapopanda mlima au unapolipita gari jingine. Gari lako halina dalili hizo.

Kilicho muhimu zaidi katika maelezo yako ni hizo namba mbili, 500 na 900. Injini ya namna hiyo ikiwa baridi inatakiwa kuzunguka kwa kasi kuliko kawaida, mara nyingi kati ya 1,200 na 1,500, kisha ishuke taratibu hadi 650 au 800 kadiri inavyopata moto. Ya kwako haipandi. Ama kompyuta ya injini haijui kwamba injini ni ya baridi, ama inajua na inaagiza hewa zaidi lakini hewa haifiki, ama kuna silinda inayomisi, yaani isiyochoma mafuta yake ipasavyo, na kuivuta injini chini. Yote matatu yanaweza kupimwa bila kununua kipuri hata kimoja, mradi upime injini ikiwa imelala usiku kucha. Gari likipelekwa gereji likiwa la moto, fundi anaangalia injini isiyoumwa, na hapo ndipo vipuri huanza kununuliwa kwa kubahatisha.

Kwanza uelewe baridi inafanya nini. Kinachowaka ndani ya silinda ni mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa. Injini ikiwa baridi, sehemu kubwa ya mafuta yanayotoka kwenye nozeli hugonga kuta za njia ya hewa na migongo ya valvu, yakabaki pale yakiwa majimaji. Ndiyo maana kompyuta huongeza mafuta kwa makusudi, na huongeza hewa ili injini ijimudu. Kiasi cha kuongeza hukadiriwa hasa kutokana na sensa ya joto la maji ya injini. Oksijeni sensa, ambayo kwa kawaida husahihisha mchanganyiko uwe karibu sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli kwa uzito, bado haisomi, kwa sababu inahitaji kufika karibu nyuzi 300 za Selsiasi au zaidi. Kwa muda huo kompyuta inafanya makadirio tu na haina wa kuisahihisha. Oksijeni sensa ikishapata moto, kosa dogo la mchanganyiko linafidiwa na gari linatulia, ingawa kosa lenyewe lipo palepale.

Kuna mtetemo mdogo ambao si ugonjwa. Injini nyingi za kisasa huchelewesha cheche kwa makusudi katika dakika ile ya kwanza ili moshi utoke na joto kali na kichujio cha moshi kiwahi kupata moto. Mlio unakuwa mzito na gari linaguna kidogo. Lakini wakati huo RPM huwa juu. Kushuka hadi 500 hakumo katika hali hiyo.

Muda ambao mtetemo unadumu unasaidia sana, ingawa si sheria isiyovunjika. Ukiisha ndani ya sekunde tano, fikiria presha ya mafuta iliyoshuka usiku, au nozeli iliyovuja matone ndani ya silinda moja. Ukidumu nusu dakika hadi dakika moja na mdundo ukiwa wa silinda moja, kuna kitu kilicholowesha plagi: petroli, oili, au maji ya rejeta. Ukidumu dakika moja hadi tatu na kupungua taratibu, kama wako, washukiwa ni sensa ya joto, throto (mlango wa hewa ya injini) chafu, hewa inayopenya pasipostahili, au kaboni kwenye valvu. Ukipita dakika kumi, baridi haihusiki sana tena. Tafuta kwenye kompresheni (nguvu ya silinda kubana hewa), taimingi, vali ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini), au termostati iliyokwama wazi.

Sasa twende asubuhi yenyewe. Gari liwe limelala angalau saa nane. Kazi hii ifanyie nje, kamwe si kwenye banda lililofungwa, kwa sababu injini baridi hutoa kaboni monoksaidi nyingi, na gesi hiyo huua bila kunusika.

Kabla ya kuwasha, chomeka mashine ya diagnosisi (inayosoma kompyuta ya injini), fungua swichi bila kupiga stata, usome joto la maji ya injini na joto la hewa inayoingia. Gari lililolala usiku kucha lina joto sawa na la mazingira, kwa hiyo namba hizo mbili zikaribiane, tofauti isizidi nyuzi tano hivi, na zilingane na hali ya hewa ya asubuhi hiyo. Kama nje ni nyuzi 20 na sensa ya maji inasema 60, umepata jibu: kompyuta inaamini injini ina moto, haiongezi mafuta wala hewa, silinda zinamisi kwa ukavu, yaani kwa mafuta machache, na petroli isiyoungua inatoka nyuma ikinuka. Ndiyo, injini inaweza kunuka petroli huku mchanganyiko ukiwa na mafuta machache; harufu peke yake haithibitishi kwamba mafuta yamezidi.

Usishangae taa ya injini kutowaka hapo. Namba za hitilafu P0117 na P0118 hujitokeza pale umeme wa sensa unapovuka mipaka, yaani saketi imegusana au imekatika. Nyuzi 60 ni namba inayowezekana, na magari mengi huipokea bila kuitilia shaka. Ukisoma −40, waya umekatika au soketi imechomoka. Ukisoma zaidi ya 130 kwenye injini baridi, nyaya zimegusana.

Huna mashine? Chomoa soketi ya sensa, weka multimita kwenye upande wa omu, upime kati ya pini mbili za sensa yenyewe. Sensa nyingi husoma takriban omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Kitabu cha gari lako ndicho chenye namba kamili. Angalia pia kutu ya kijani ndani ya soketi. Kutu huongeza ukinzani, na ukinzani mkubwa kwa kompyuta maana yake ni baridi kali, kwa hiyo hapo kosa linageuka: mafuta yanazidi na plagi zinakuwa nyeusi. Maji ya rejeta yakipungua, ncha ya sensa inaweza kubaki hewani na kusoma uongo, basi kagua kiwango chake kabla ya kuilaumu. Wala usiamini mshale wa joto wa dashibodi. Kwenye baadhi ya magari una sensa yake tofauti, na kwenye mengi umetengenezwa ukae katikati hata joto likibadilika.

Sensa ikiwa nzima, washa injini bila kugusa eksileta. Iache sekunde kumi ujionee mtetemo, kisha kanyaga taratibu hadi RPM ifike 1,300 au 1,500 na uishikilie hapo. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote, na linagawa kazi yote katika makundi matatu.

Injini ikitulia papo hapo na kuzunguka laini, ilikuwa inakosa hewa au inavuta hewa ya wizi, ile inayopenya pasipostahili. Mguu wako umefungua njia kubwa zaidi, na kasoro ndogo ya hewa imemezwa. Ikiendelea kupiga mdundo uleule wa kupoteza silinda, hata kwenye 1,500, fuata cheche, nozeli na kompresheni. Na ikisita, ikakohoa au kutaka kuzima pale unapokanyaga, mchanganyiko una mafuta machache mno kwa injini baridi. Rudi kwenye sensa ya joto, sensa ya hewa, presha ya mafuta, na kaboni kwenye valvu.

Kwa dalili ulizoandika, natarajia uangukie kundi la kwanza, na hapo throto ndiyo ya kwanza kufunguliwa. Legeza mpira mkubwa wa hewa utazame kisahani cha throto. Masizi meusi kwenye ukingo wake hubana mwanya mwembamba ambao injini huutumia kupumua ikiwa sailensa. Injini yenye moto huhitaji hewa kidogo na hujimudu. Ya baridi ina oili nzito na msuguano mkubwa, inahitaji zaidi, na mwanya hautoshi. Safisha kwa dawa ya throto na kitambaa laini, pande zote mbili za kisahani na ukingo wa nyumba yake. Dawa hiyo usiipulizie sensa ya hewa, ambayo ina dawa yake na waya mwembamba unaokatika kirahisi. Throto ya umeme usiisukume kwa kidole swichi ikiwa imefunguliwa. Meno ya gia yake ndogo ni ya plastiki na huvunjika. Kwenye magari ya zamani yenye vali tofauti ya sailensa pembeni mwa throto, ifungue nayo uisafishe, lakini sindano yake usiivute wala kuisukuma kwa nguvu.

Baada ya kusafisha, sailensa inaweza kupanda hadi 1,500 au zaidi hata injini ikiwa na moto. Wengi huingiwa na hofu hapo na kudhani wameharibu kitu. Kompyuta ilikuwa imejifunza kufungua zaidi ili kufidia uchafu, na bado inafanya hivyo. Kila aina ya gari ina utaratibu wake wa kujifunza upya. Mengine yanahitaji mashine, mengine yanatosheka na kuachwa sailensa, AC na taa zikiwa zimezimwa, hadi injini ipate moto kamili.

Hewa ya wizi ni ngumu zaidi kuinasa, na nitaielezea kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayowapotezea watu fedha. Gasketi ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda) na vioringi vya nozeli hukakamaa kwa uzee. Vikiwa baridi hunywea na kuacha upenyo. Vikipata joto hutanuka na kuziba. Injini yenye moto haitakuonyesha kitu. Anza na kinachopimika kirahisi: injini ikishapata moto, soma STFT na LTFT kwenye mashine (masahihisho ya mafuta ya muda mfupi na ya muda mrefu), uzijumlishe. Jumla iliyo kati ya −10 na +10 kwa mia inakubalika. Ikiwa +15 au zaidi kwenye sailensa na kushuka karibu na sifuri kwenye RPM 2,500, kuna hewa inayoingia bila kupimwa; kwenye kasi kubwa hewa hiyo ni sehemu ndogo tu ya hewa yote, ndiyo maana kosa linafifia. Ikiwa ni kinyume, yaani inapanda kadiri unavyokanyaga, hapo fundi wako angekuwa na hoja ya pampu au filta ya mafuta, au sensa ya hewa chafu.

Kipimo hiki kinafaa kwa gari lenye sensa ya kupima hewa inayopita kwenye mpira mkubwa. Lenye sensa ya presha ndani ya manifoldi hupima hata hewa ya wizi, kwa hiyo dalili yake kubwa ni sailensa kuwa juu, na STFT na LTFT zinaweza kuonekana salama. Kwa kuwa yako iko chini, tazama ni aina gani ya sensa uliyo nayo kabla ya kuhangaika na upenyo.

Sehemu za kukagua ni mpira unaokwenda kwenye busta ya breki, vali ya PCV (inayorudisha mvuke wa oili kwenye njia ya hewa) na mpira wake, mikunjo ya mpira mkubwa kati ya sensa ya hewa na throto (nyufa hujificha ndani ya mikunjo, uukunje kwa mkono), gasketi ya manifoldi, na kioringi cha kijiti cha kupimia oili. Mashine ya moshi ndiyo njia bora, na iagizwe itumike injini ikiwa baridi. Wapo wanaopulizia dawa ya kabureta kuzunguka manifoldi na kusikiliza RPM ikibadilika. Inafanya kazi, lakini dawa hiyo inashika moto upesi. Kwenye injini yenye waya wa plagi uliochanika au ekzosi ya moto, ni hatari isiyo na sababu.

Kama jaribio la kukanyaga lilikupeleka kwenye silinda inayomisi, acha injini baridi itetemeke nusu dakika, izime, uchomoe plagi zote nne. Zipange kwa namba zake. Iliyolowa petroli haikupata cheche, au nozeli yake inavuja. Yenye masizi makavu meusi inapata mafuta mengi. Yenye oili, silinda yake inapitisha oili kupitia sili za valvu au ringi. Sili zikiwa mbovu utaona na moshi wa bluu wa mara moja tu pale unapowasha. Iliyosafika ajabu huku nyingine zina rangi ya kahawia hafifu, iogope: maji ya rejeta yanaingia katika silinda hiyo na kuiosha kwa mvuke.

Kubadilisha plagi, kama ulivyofanya, hakuziondoi plagi kwenye orodha. Hakikisha mwanya ni wa gari lako, kwa kawaida kati ya milimita 0.7 na 1.1, na kwamba hakuna mstari mwembamba mweusi kwenye kauri nyeupe. Huo ni ufa au alama ya njia ambayo cheche hupitia pembeni. Mpira wa koili uliopasuka hupitisha cheche pembeni, hasa asubuhi kukiwa na umande. Koili hupimwa kwa kubadilishana: hamishia ya silinda 2 kwenye silinda 3, acha gari lilale tena, na asubuhi soma namba ya hitilafu au hesabu ya misi kwenye mashine. P0302 (misi ya silinda 2) ikigeuka P0303 (misi ya silinda 3), ni koili. Ikibaki P0302, ni nozeli, plagi au kompresheni. Badilisha kitu kimoja kwa usiku mmoja. Ukibadilisha viwili hutajua kipi kilikuwa kibovu.

Presha ya mafuta ina jaribio la bure: asubuhi, fungua swichi sekunde tatu bila kupiga stata, ifunge, urudie mara tatu, ndipo uwashe. Kwenye magari mengi pampu hufanya kazi kwa sekunde chache kila swichi inapofunguliwa, na presha inajengeka. Gari likiwaka laini siku hiyo, presha inavuja usiku. Geji ndiyo itakayothibitisha. Mifumo mingi ya nozeli za kwenye manifoldi hufanya kazi kati ya kilopaskali 300 na 400. Ikishuka haraka baada ya kuzima, ni vali ya kuzuia marejeo ndani ya pampu, au nozeli inayodondosha. Nozeli ndiyo yenye madhara, kwa sababu petroli huteremka hadi kwenye oili. Nusa kijiti cha oili. Ikinuka petroli na kiwango kimepanda, hiyo oili haifai tena.

Kaboni nyuma ya valvu za hewa hunyonya petroli kama sifongo injini ikiwa baridi, silinda ikabaki na mchanganyiko mkavu hadi kaboni ishibe. Kwa nozeli za kwenye manifoldi, dawa nzuri ya kuchanganya kwenye tangi inaweza kuipunguza. Kwa injini zenye nozeli ndani ya silinda dawa hiyo haifiki kwenye valvu. Husafishwa kwa mkono au kwa kupulizwa maganda ya jozi yaliyosagwa, manifoldi ikiwa imefunguliwa.

Jambo moja usiliahirishe. Kama maji ya rejeta yanapungua na huoni yanapovujia, na silinda moja inamisi kwa nusu dakika ya kwanza pamoja na moshi mweupe wenye harufu tamu, shuku gasketi ya silinda hedi. Injini ikizimwa, presha iliyobaki kwenye mfumo wa maji husukuma matone ndani ya silinda usiku. Funga pampu ya kupimia kwenye rejeta, ipe presha iliyoandikwa kwenye kifuniko, mara nyingi karibu kilopaskali 90 hadi 110, iache usiku kucha, na asubuhi uchomoe plagi utazame ndani kwa kamera ndogo. Silinda ikijaa maji kisha ukapiga stata, konrodi (mkono unaoshika pistoni) hupinda.

Kompresheni ipime mwisho, plagi zote zikiwa nje na throto ikiwa wazi: injini nyingi hutoa kilopaskali 1,000 hadi 1,300, na silinda zisitofautiane kwa zaidi ya asilimia 15 hivi. Vali ya EGR inatakiwa kuwa imefungwa kabisa injini ikiwa baridi; kaboni ikiizuia kufunga, moshi unaingia badala ya hewa safi.

Taa ya injini ikianza kumweka badala ya kuwaka moja kwa moja, zima. Petroli isiyoungua inawaka ndani ya kichujio cha moshi na inaweza kukiyeyusha.

Utakapopata kasoro na kuitengeneza, futa masahihisho yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta, endesha siku moja kwa mwendo wa kawaida, liache gari lilale usiku, kisha washa bila kukanyaga. RPM ipande juu ya 1,100 ndani ya sekunde chache na ianze kushuka bila kuyumba joto la maji linapopanda. Ikifanya hivyo asubuhi mbili au tatu mfululizo, tatizo limekwisha. Ikirudi kwenye 500, nenda kwenye jaribio linalofuata, si kwenye kipuri kinachofuata.